Mkwaruzo juu ya mtutu wa gobori: tusugue ao tuache?

Sisi wenyeji wa Fizi na Baraka, tukisikia neno bunduki, tunaogopa. Ni haki yetu. Tuliona uasi wa 1964, tukaona vita vya 1996 na vya 1998. Lakini kuna bunduki ingine, ya zamani kuliko hizo, iliyokuwa chombo cha mwindaji sawa na mkuki na wavu. Ni gobori. Hapa tunataka kusema juu ya ngozi yake ya chuma.

Gobori ilifika kwetu kwa njia ya ziwa. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walitoka Zanzibar, wakapita Tabora mpaka Ujiji, kisha wakavuka Tanganyika. Walileta nguo, ushanga, baruti na bunduki. Walirudi na pembe za ndovu na, tusifiche, watu waliofungwa. Chombo kilichotuletea nyama ndicho kilichotunyang'anya ndugu. Baadaye Mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890 yalizuia bunduki za kisasa, lakini yaliruhusu zile za gumegume, chini ya uangalizi. Hiyo ni sababu moja iliyofanya mwindaji abaki na ya zamani.

Mitutu mingi ilitiwa rangi ya kahawia ao nyeusi. Rangi hiyo si ya kupaka, ni kutu iliyofugwa. Kutu nyekundu hushika maji na kula chuma. Fundi akiichemsha katika maji, inageuka nyeusi, inashikamana na chuma na kukilinda kidogo, zaidi ikipata mafuta. Mtutu ukigonga jiwe, ngozi hiyo inachubuka, chuma kinabaki uchi, na unyevu wa ziwa unaanza kazi yake. Mtutu uliolika sana unaweza kumpasukia mwindaji usoni. Kwa hiyo kutunza mkwaruzo hakukuwa urembo, kulikuwa kulinda macho ya mtu.

Mwanafunzi wetu mmoja alitaka kutengeneza gobori ya babu yake, iliyokufa zamani. Alikuwa tayari na msasa na kopo la rangi nyeusi ya dukani. Tulimwomba tumuulize kwanza mzee mmoja mfua chuma. Mzee akaigeuzageuza, akasema: « Batoto bangu, muache hii alama. Hapa aliangukia kwenye mawe. Mukiifuta, mutamufuta na yeye. » Akachukua kitambaa na mafuta kidogo, akapangusa polepole, bila haraka. Chini ya uchafu zikatokea herufi tatu ndani ya duara refu: E, L, G.

Sisi walimu tulishangaa. Hiyo ni alama ya nyumba ya kupima bunduki ya Liège, mji wa Ubelgiji uliotengeneza bunduki nyingi za kuuzwa Afrika. Msasa wa dakika tano ungetunyima somo zima la historia: chuma cha Wabelgiji kilichoishia mikononi mwa mwindaji wa milima yetu.

Tunajua jamaa zilizotupa gobori za wazee ziwani kwa kuogopa msako. Hatuwalaumu, kwani sheria ya silaha ya 1985 inataka kibali, na mwenye silaha anapaswa kuifuata. Lakini aliye nayo kihalali asikilize haya. Kwanza, fundi ahakikishe hamna baruti ndani, maana gobori ya kale inaweza kukaa na risasi miaka mingi. Pili, asiipashe mtutu moto, asisugue, asipake rangi. Kitambaa kikavu na mafuta kidogo vinatosha.

Tatu, aandike katika daftari nani aliibeba, aliwinda wapi, na kila mkwaruzo ulitoka wapi. Yule mwanafunzi ameanza. Ukurasa wa kwanza wa daftari lake una jina la babu, na chini yake: « aliangukia kwenye mawe ».