Spana Zilipowekwa Chini Kongwa

Babu yangu alikuwa utingo, kisha dereva wa trekta, katika mradi wa karanga wa Kongwa. Mkono wake wa kulia ulinuka dizeli mpaka uzeeni, na sisi wajukuu tuliipenda ile harufu.

Mwaka 1947 Waingereza walileta Ugogoni matrekta makuukuu ya vita, baadaye hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kung'oa visiki. Ardhi ile ngumu, yenye mibuyu na miiba, iliyavunja kila siku, kwa hiyo gereji ndiyo iliyokuwa moyo wa mradi. Humo, rangi ya ngozi ndiyo iliyopanga mishahara. Babu alikuwa akifungua injini huku bwana aliyeitwa fundi akimtazama, na jioni kila mmoja akaenda kwake: huyu kwenye nyumba, yule kwenye hema.

Septemba mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Habari ilipanda na Reli ya Kati, stesheni kwa stesheni, ikafika Dodoma, ikafika Kongwa. Hapakuwa na chama wala kadi. Watu waliweka spana chini, basi. Mimi nauheshimu mgomo ule kuliko hotuba nyingi nilizosikia.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilizaliwa 1955. Wakati huo mradi wa karanga ulikuwa umekwisha kuachwa tangu 1951, baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 30.