Hesabu na Bei ya Vitu

Watu wengine husema: hesabu haidanganyi. Tuangalie basi ginsi ilivyoingia katika elimu ya uchumi, tupate kujua inaweza nini na haiwezi nini.

Mwaka wa 1838 Augustin Cournot, Mfaransa, mwalimu wa hesabu, alitoa kitabu juu ya mali na bei. Alichukua mfano wa chemchemi ya maji ya dawa, yasiyogharimu kitu kuyachota. Tuseme hivi: maji yakiwa bure, watu wachukua chupa 120, kila faranga moja ikiongezwa, chupa moja yapungua. Mwenye kuuzisha peke yake apata faida kubwa kwa bei ya faranga 60, akiuzisha chupa 60. Wakiwa wawili, kila mmoja akiangalia tu kiasi anacholeta mwenzake, wataleta chupa 40 kila mmoja, na bei itakuwa faranga 40. Hesabu haikuonyesha tu kwamba bei yashuka. Ilionyesha pia yashuka kufika wapi na kwa sababu gani.

Kitabu hicho kilikaa miaka mingi pasipo kupata wasomaji wengi. Lakini Léon Walras alikisoma, kwani baba yake alikuwa amesoma shule moja na Cournot. Léon huyo alianguka mara mbili mtihani wa kuingia École Polytechnique ya Paris, maana hesabu yake haikutosha. Hata hivyo, akiwa mwalimu Lausanne katika Uswisi, alianza mwaka wa 1874 kutoa kitabu kilichofunga bei zote pamoja: bei ya mkate yategemea ngano, ngano yategemea mshahara wa mkulima, na mshahara wategemea tena bei ya mkate.

Mwaka wa 1901 alimwandikia Henri Poincaré, bingwa wa hesabu. Huyu hakukataa hesabu katika uchumi. Lakini alimwonyesha kwamba amewaweka watu kuwa wenye kujipenda pasipo mpaka, na wenye kuona mbele pasipo mpaka. La kwanza laweza kupita kama makisio. La pili lina shaka.

Mwaka wa 1954 Kenneth Arrow na Gérard Debreu walithibitisha kwamba bei za kusawazisha masoko yote pamoja zaweza kuwapo, lakini kwa masharti waliyoyaandika wazi. Uthibitisho wao hausemi kama mali imegawanywa kwa haki.

Basi mtu akituletea hesabu za bei ao za mishahara, tusikubali wala tusikatae upesi. Tumuulize kwanza: kabla ya kuanza kuhesabu, ulidhani mwanadamu ni nani?