Mkanda wa skuta, cheni ya bodaboda na karasha la Nyarugusu



Leo naomba tuzungumzie mkanda. Siyo ule wa kufungia suruali, wala mkanda wa jeshi unaowapeleka watu hospitali. Nazungumzia ule wa mpira unaochukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye tairi la nyuma la skuta. Wengi wetu wa mjini tumenunua hizi skuta zisizo na gia ya mguu ili kukwepa foleni, na swali linalorudi kila mara ni moja: mkanda unadumu muda gani, na unabadilishwa lini?

Jibu lipo na nitalitoa. Ila jibu lenyewe lina historia, na mimi nilikuja kuielewa mahali ambapo hakuna skuta: Nyarugusu. Tuelewane mapema, sisemi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, Kigoma. Nasema Nyarugusu ya Geita, kusini mwa mji wa Geita, kwenye ukanda wa dhahabu unaoendelea hadi Kahama, Shinyanga.

Tuanze mbali kidogo. Karne ya 19 huko Ulaya na Marekani, kiwanda kizima kiliweza kuendeshwa na injini moja ya mvuke. Injini ilizungusha mhimili mrefu wa chuma uliopita juu, karibu na dari, na kila mashine chini ilifungwa kwenye mhimili huo kwa mkanda mpana wa ngozi. Mpango wa namna hiyo ndio uliofika Usukumani na vinu vya kuchambulia pamba, na kila aliyewahi kutumwa na mama yake kupeleka mahindi mashineni anaujua kwa udogo wake: injini ya dizeli upande huu, kinu upande ule, katikati mkanda unapiga kelele. Yule mwenye mashine alikuwa na dawa zake za kienyeji. Mkanda ukilegea, injini inasogezwa nyuma kidogo. Ukikatika, unaungwa, na ninyi mnasubiri.

Halafu ukaja mkanda wa umbo la V. John Gates, wa kampuni ya Gates ya Denver, Marekani, ndiye anayetajwa kwa kuutengeneza mwaka 1917. Ujanja wake uko kwenye mbavu. Mkanda bapa hushika puli kwa tumbo lake. Mkanda wa V hujibana ndani ya mfereji wa puli kama kabari kwenye gogo, na kadiri unavyovutwa ndivyo unavyozidi kubana. Shikeni hilo la mbavu, tutalirudia.

Mwaka 1958 yalitokea mambo mawili yaliyogawa njia. Uholanzi, kampuni ya DAF ilionyesha gari dogo, DAF 600, lililokuwa na mikanda ya V badala ya giaboksi ya kawaida. Kazi hiyo ilikuwa ya Hub van Doorne. Puli zake zilikuwa na pande mbili zinazosogeleana na kuachana. Zikisogeleana, mkanda unapanda juu, zikiachana, unazama. Hivyo gari lilibadilisha mwendo lenyewe bila dereva kugusa gia. Skuta unayoendesha leo inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, ndani ya lile kava refu la upande wa kushoto.

Mwaka huo huo, Japani, Honda walitoa Super Cub. Hii ilitumia cheni, wakaifunika kwa kava ili vumbi na matope visiifikie. Hadi mwaka 2017 Super Cub zaidi ya milioni 100 zilikuwa zimetengenezwa. Kwa hiyo dunia ilikuwa na njia mbili: mkanda kwa anayetaka ulaini, cheni kwa anayetaka uvumilivu.

Na Vespa za wazee wetu, hasa kule Zanzibar? Hizo haziko kwenye ugomvi huu. Vespa ya mwaka 1946 ilipeleka nguvu kwenye tairi kwa gia za chuma, bila mkanda wala cheni, na zile za gia za mkononi zilizofuata ziliendelea hivyo hivyo. Ndiyo maana ukimuuliza mzee mwenye Vespa kuhusu mkanda wa skuta anakushangaa.

Sisi huku bara tulichagua cheni, na hatukukaa kikao. Bodaboda ilianza na baiskeli, miaka ya 1960, mpakani mwa Kenya na Uganda kule Busia. Shinyanga nayo ilijulikana kwa daladala za baiskeli, na baiskeli ni cheni. Miaka ya 2000 zilipomiminika pikipiki za bei nafuu kutoka China, akina Toyo na SanLG, na baadaye Boxer na TVS kutoka India, abiria alihama kutoka cheni ndogo kwenda cheni kubwa. Mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji, na kazi ikawa rasmi.

Sasa Nyarugusu. Nilipofika kule kwa kazi za uandishi, kijiweni niliona pikipiki za cheni tupu. Lakini nilipoingia mialoni, wanakosaga mawe ya dhahabu, mikanda ilikuwa kila upande! Karasha ni pipa la chuma lenye gololi ndani, linazungushwa na injini au mota, na kinachounganisha viwili hivyo ni mikanda ya V. Zamani mawe yalitwangwa kwa mkono kwenye vinu vya chuma. Mkanda ndio uliopunguza kutwanga.

Nikamuuliza fundi mmoja, kijana wa makamo mwenye mafuta hadi kwenye kope: "Kaka, kwa nini mikanda iko hapa tu, barabarani hakuna?"

Akacheka. "Mwandishi, cheni inaongea. Ikilegea inagonga, unaikaza. Ikikauka inalia, unaipaka mafuta. Mkanda hauongei. Unakuaga siku hiyo hiyo unapoondoka."

"Na hapa kwenye karasha?"

"Hapa nauona. Uko wazi mbele yangu kutwa nzima. Ukianza kuchanika nauona, na karasha likisimama halijambeba mgonjwa."

Wadau, hayo maneno mawili yalinipa historia yote. Bodaboda wa machimboni anapita kwenye vumbi, anabeba mama mjamzito usiku, na jioni ana hesabu ya tajiri. Cheni anaitengeneza mwenyewe kando ya njia. Mkanda wa skuta umefichwa ndani ya kava, na kava hilo huvuta hewa ya nje ili kupooza puli. Mahali penye vumbi, hewa hiyo inaingia na vumbi, na vumbi ni msasa.

Ila uwazi wa karasha nao una gharama yake. Mkanda usio na kinga hauchagui: shati linaloning'inia, ncha ya kitenge, kidole. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mashine za hatari ziwe na kinga. Makarasha niliyoyaona mengi hayakuwa nayo. Kinachomwezesha fundi kuona mkanda unachakaa ndicho kinachoweza kumchukua mkono, wakati wavu wa chuma tu ungempa vyote viwili, kuona na kupona.

Haya, jibu lenu. Watengenezaji wengi wa skuta hutaka mkanda ubadilishwe kati ya kilometa 10,000 na 25,000, kutegemea aina, na ukaguliwe kabla ya hapo. Kitabu cha skuta yako kina namba yake, kifuate hicho. Tufanye hesabu na mkanda wa kilometa 20,000. Wewe wa ofisini unatembea kilometa 20 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: utadumu miaka mitatu na zaidi. Anayebeba abiria au vifurushi kilometa 100 kwa siku, mkanda ule ule haumalizi miezi minane. Kwa hiyo ukiambiwa "wangu una miaka mitatu na bado mzima," muulize kwanza anatembea kilometa ngapi. Ila na mpira huzeeka hata ukiegeshwa, usijivunie kuupumzisha.

Dalili zipo. Mkumbuke zile mbavu: zikilika, mkanda unakuwa mwembamba na kuzama kwenye puli, na skuta haifiki tena mwendo wake wa juu. Inatetemeka inapoondoka. Kuna harufu ya mpira kuungua. Kava likifunguliwa, utaona unga mweusi, nyufa katikati ya meno, nyuzi pembeni, au mbavu zinazong'aa kama kioo. Fundi apime upana na kuulinganisha na kitabu. Na msipake mafuta wala grisi! Cheni inataka mafuta, mkanda unateleza nayo. Siku ya kubadilisha, akague pia vile viroli vya kwenye puli ya mbele.

Cheni ilitufundisha kusubiri malalamiko ndipo tutengeneze. Kwa chombo kinacholalamika, hilo halina ubaya. Mkanda unataka tabia nyingine: kuhesabu. Siku unapofunga mpya, chukua kalamu ya wino mzito, andika chini ya kiti kilometa zilizosomeka siku hiyo. Ni gharama ya kalamu moja, na itakuambia kile ambacho mkanda wenyewe hautakuambia.

Kwa leo naishia hapa. Safari njema, na kofia ngumu msiache nyumbani.