Tofali la Zamani Bado Lina Kazi

Ndugu zetu wa Bombambili, mlio nyumbani na mlio ugenini, kabla ya kuwafikishia ombi la mchango wa mwaka huu tunaomba tuzungumzie kifusi.

Wazee wetu wa Ungoni walijenga kwa miti na udongo. Tofali la kuchoma tulilijua kwa wamisionari Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898. Misheni hiyo ilichomwa moto katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya, na mafundi waliojifunza huko wakaueneza ujuzi mpaka tanuri la tofali likawa jambo la kawaida pembeni ya kiwanja.

Lakini saruji haikuja pamoja na tofali. Hata kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza mwaka 1966, mfuko ulisafiri zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 saruji ilikuwa adimu nchi nzima. Kwa hiyo nyumba nyingi zilijengwa kwa tofali na udongo mtupu. Leo wapo wanaozicheka. Ila nyumba ya namna hiyo ikibomolewa hurudisha tofali zake zikiwa nzima: saidia fundi huzigonga kwa ubapa wa panga, na udongo wa zamani hupondwa, hulowekwa usiku kucha, kisha hujengewa tena. Ukuta wa saruji ukivunjwa hutoa vipande tu, navyo tunavitupa kwenye makorongo ya barabara.

Vipande hivyo navyo vina kazi. Warumi walisaga vigae wakavichanganya na chokaa kujengea matangi ya maji. Wahindi wana mchanganyiko kama huo, unga wa tofali wakiuita surkhi. Chokaa peke yake hukauka polepole kwa hewa. Ikipata unga laini wa tofali hushikana hata penye maji, kwa kuwa udongo uliochomwa kwa kiasi huungana nayo. Tofali laini, lile ambalo fundi hulikataa, ndilo bora hapa. Lililoungua likawa jeusi halifai. Chokaa yenyewe si ngeni kwetu: Kilwa, ilikokwenda misafara ya biashara kutoka huku, ilijengwa kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa.

Tunapendekeza kuanza na kipande cha uzio wa jengo letu la mikutano: chokaa sehemu 1, unga wa tofali 1, mchanga 2. Tukiache masika yote ndipo tuamue. Msingi, nguzo na lenta vitabaki vya saruji. Hapo hatufanyi majaribio. Kila tofali tunaloliokoa linapunguza kuni za tanuri, na miti ya miombo inayotuzunguka mnaiona inavyopungua.

Mchango wa fedha tunaupokea kama kawaida. Na yeyote anayebomoa nyumba ya zamani mwaka huu, atuarifu kabla ya kuita lori. Vijana watakuja na machepe na chekeche.