Upotevu wa tishu ya ovari baada ya upasuaji wa endometrioma

Endometrioma, au uvimbe wa chokoleti, ni uvimbe wa ovari uliojaa damu nzito ya kahawia, unaotokana na endometriosisi. Ukuta wake hugandamana na ovari, hivyo daktari anapoubandua, tishu yenye afya na mayai yake huweza kutoka nao. Kuunguza mishipa kwa umeme ili kuzuia damu huzidisha hasara. Kuzuia damu kwa kushona huwa na madhara madogo zaidi. Homoni ya AMH, kipimo cha akiba ya mayai, mara nyingi hushuka, hasa zikipasuliwa ovari zote mbili. Lakini kunyonya majimaji ya uvimbe pekee, bila kuubandua, si tiba, maana mara nyingi uvimbe hurudi. Hata hivyo, wapo wengi wanaopata mimba baada ya upasuaji. Anayetaka watoto apimwe AMH kabla ya kupasuliwa, aulize pia kuhusu kuhifadhi mayai.