Goma inakaribia mbuga ya Virunga: mambo ya kufahamu juu ya mpaka, parseli na makala

Kila asubuhi kwenye barabara ya Rutshuru, chukudu zenye magunia ya makala zinashuka kuingia Goma. Kwenye barabara hiyo hiyo, mbao na mabati vinapanda kwenda fasi ambako wakaaji wapya wanajenga. Gunia linaloshuka na mbao zinazopanda, njo mambo mawili yanayoonyesha namna mji unavyokutana na mbuga ya Virunga. Yote mawili yanaanzia ndani ya nyumba ya mutu wa kawaida, anayetafuta fasi ya kulala na moto wa kupikia.

Mbuga yenyewe

Mbuga ya Virunga iliundwa tarehe 21 Aprili 1925, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, na ikapewa jina la mfalme wao Albert. Njo mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika. Inachukua hektari karibu 790,000, kuanzia upande wa ziwa Kivu mpaka milima ya Rwenzori. Ndani yake kuna volkano mbili zinazowaka, Nyiragongo na Nyamulagira, na kuna gorila wa milimani, ambao duniani kote wanazidi kidogo tu 1,000.

Mwaka 1979, UNESCO iliandika Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia. Tangu 1994 iko pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi ya kuilinda ni ya ICCN, shirika la serikali linalosimamia mbuga zote za Kongo.

Mipaka ilichorwa na wakoloni. Katika vijiji vingi vinavyopakana na mbuga, ubishi juu ya wapi inapita haujaisha paka leo. Wazee wanasema ni udongo wa babu zao; walinda mbuga wanaonyesha maandishi ya zamani.

Kwa nini mji unaelekea kule

Hesabu ya mwisho ya wakaaji wa Kongo ilifanyika 1984. Wakati ule Goma haikufikisha watu 100,000. Leo makadirio mengi yanapita milioni moja.

Mji hauna njia nyingi za kupanuka. Kusini ni ziwa. Mashariki ni mpaka wa Rwanda. Inabaki kaskazini, kwenye teritware ya Nyiragongo, na magharibi, kwenye barabara ya Sake. Kaskazini kuna volkano, na pande zote mbili mbuga haiko mbali. Vijiji vya usultani wa Bukumu, kama Munigi, vilivyokuwa mashamba ya maharagi, vimekuwa sawa kata za mji.

Vita pia ilisukuma watu. Mwaka 1994, wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda waliingia, wakakaa kwenye kambi kama Mugunga na Kibumba, na miti mingi ya mbuga ikakatwa kwa ajili ya kupikia. Kuanzia mwisho wa 2022, wahami wa vita walijaa Kanyaruchinya, Bulengo na Rusayo, mpaka kambi zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025. Kila mara, watu walioishiwa na kila kitu walitafuta kuni karibu, na karibu ni mbuga.

Udongo wa bei ndogo na hatari yake

Parseli ya pembeni inauzwa bei ndogo kuliko ya katikati ya mji. Lakini volkano inajua njia yake. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma paka ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na watu zaidi ya 100 walikufa. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena usiku, ikala vijiji vya Nyiragongo, ikasimama upande wa Buhene, mlangoni mwa mji. Siku tano kisha, wakaaji wa kata 10 waliambiwa wahame. Lava ilipopoa, wengi walirudi kujenga fasi ile ile, kwa sababu hawakuwa na pengine.

Upande wa magharibi kuna mazuku, gazi inayotoka chini ya udongo na kujikusanya kwenye mashimo na mabonde. Haionekani, na inaua mutu, mbuzi ao kuku bila kelele. Watoto wanaocheza kwenye mashimo na mutu anayelala chini karibu nayo njo wako kwenye hatari zaidi.

Makala inaunganisha jiko na msitu

Jamaa nyingi za Goma zinapika kwa mbabula. Makala inatengenezwa kwa kukata miti, kuipanga, kuifunika na udongo na kuichoma polepole siku kadhaa. Sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka ndani ya Virunga, hata kama sheria ya 2014 juu ya uhifadhi wa asili inakataza kukata miti ndani ya mbuga. Watu wenye silaha wamepata feza kwenye biashara hiyo miaka mingi, na walinda mbuga wengi wamekufa kazini.

Kuna majaribio ya kupunguza. Kuanzia 2007, mradi wa EcoMakala wa WWF ulisaidia wakulima kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao. Mbabula zinazokula makala kidogo zinatengenezwa mjini. Mwisho wa 2015, kituo cha umeme cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilifunguliwa chini ya mpango wa mbuga, na umeme wake ukafika Goma. Lakini wengi wanautumia kwa taa, simu na mashine. Kupika maharagi ya saa tatu kwa umeme ni bei kubwa kwa mwenye kupata feza ya siku kwa siku. Marufuku peke yake haitoshi: ukimfunga muchomaji mmoja na mji ungali unanunua, mwengine ataingia msituni kesho.

Sheria ya udongo inasema nini

Kufuatana na sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni wa serikali. Mutu anapewa haki ya kuutumia, na cheti cha kuandikisha, watu wanachokiita sertifika, njo kinachohakikisha haki hiyo. Sheria hiyo iliahidi amri ya raisi juu ya udongo wa kimila, lakini miaka mingi ilipita bila amri hiyo. Katika pengo hilo, machefu wanauza kwa karatasi ya kimila, wafanyakazi wa serikali wanapima kivyao, na parseli moja inaweza kupata wenyeji wawili.

Mbele ya kununua parseli pembeni ya mji

Ulizia kwenye ofisi ya kadastri kama fasi iko nje ya mbuga. Ndani ya mbuga, karatasi ya chefu ao ya muuzaji haiwezi kukupa haki.

Tafuta majirani wa pande zote nne, waonyeshe mipaka mbele ya mashahidi, na uandike majina yao.

Usiishie kwenye karatasi ya kimila. Anza nayo, kisha endelea mpaka sertifika.

Uliza wazee lava ya 2002 na ya 2021 ilipita wapi, na kama kuna mazuku. OVG, ofisi inayochunguza volkano Goma, inaweza kueleza juu ya hatari ya fasi hiyo.

Jamaa nyingi zimepoteza feza ya miaka kumi kwa parseli ambayo siku moja ilibomolewa ao kudaiwa na mutu mwengine. Na pale nyumba inapovunjwa karibu na mbuga, msitu haurudi: mwenye nyumba anahama tu, anatafuta parseli ingine, mara nyingi hatua chache mbele zaidi.