Rasimu ya Ibn Khaldun na Kadi za Luhmann

Mwanafunzi wa uzamili katika vyuo vyetu hupewa hatua za kuandika tasnifu kana kwamba ni ngazi: mada, pendekezo la utafiti, mapitio ya maandishi, ukusanyaji wa data, uchambuzi, kisha utetezi. Sura nazo zimepangwa hivyo hivyo, na wengi huamini kwamba ndivyo zinavyopaswa kuandikwa. Ukiwachungulia wanazuoni wakiwa kazini, ngazi hiyo huioni.

Ibn Khaldun, yule mwanahistoria, angekwama kwenye pendekezo la utafiti. Mwaka 1375 alijitenga na siasa akaenda kuishi katika ngome ya Qal'at Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mwaka 1377 aliikamilisha rasimu ya kitabu chake, Muqaddima, kwa muda wa miezi mitano. Maktaba kubwa zilikuwa mbali naye, hivyo aliandika kwa aliyoyahifadhi na aliyoyashuhudia katika miaka ya kuwatumikia watawala. Ndipo akarudi Tunis, mji aliozaliwa, kutafuta vitabu vya kuhakikishia aliyokwisha kuyaandika. Hata alipohamia Misri mwaka 1382 aliendelea kuongeza, kupunguza na kusahihisha kwa miaka mingi. Miezi mitano hiyo husifiwa sana, na inastahili, lakini wanaoisifu husahau miaka ya marekebisho iliyofuata.

Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani, alianzia upande wa pili. Alisoma kalamu mkononi, akaweka wazo moja kwenye kila kadi, akaipa namba iliyoruhusu kadi mpya kuchomekwa kati ya mbili za zamani, na humo akataja namba za kadi nyingine zinazohusiana nayo. Alipofariki mwaka 1998 aliacha kadi zipatazo 90,000. Mtu wa namna hiyo hafiki mbele ya karatasi tupu, kwa sababu anapoamua kuandika kitabu hoja nyingi zimeshakutana ndani ya sanduku la kadi. Namwonea wivu kidogo. Lakini wanaoigeuza njia yake kuwa dawa ya kila mwandishi wanasahau kwamba sanduku lile alililisha kwa zaidi ya miaka 40, ilhali mwanafunzi wetu ana miaka miwili, na kazi ya kuajiriwa juu yake.

Wamarekani ndio waliozifanya hatua zenyewe kuwa somo. Mwaka 1965 Gordon Rohman alizigawa mara tatu: kabla ya kuandika, kuandika, na kuandika upya. Mgawanyo huo ulipendwa madarasani kwa kuwa ni rahisi kuufundisha. Mwaka 1981 Linda Flower na John Hayes waliupinga. Waliwataka waandishi waseme kwa sauti kila wanachokifikiria wakati wakiandika, wakaona kwamba kupanga, kutunga sentensi na kukagua huingiliana wakati wowote, hata katikati ya aya.

Mapokeo ya Kiislamu yana jambo ambalo kadi na nadharia hizo haziligusi: sikio. Nakala ya kitabu ilisomwa kwa sauti mbele ya mtunzi, au mbele ya sheikh aliyekipokea kutoka kwa waliotangulia. Makosa yalirekebishwa pembeni mwa ukurasa, na msomaji akapewa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha kitabu hicho. Darsa za Lamu na Unguja zimeuhifadhi usomaji wa namna hiyo. Lengo lake lilikuwa kulinda matini, si kumfunza mtu kutunga. Hata hivyo, sentensi iliyopinda hujificha kwenye karatasi, na ikisomwa mbele ya watu hujitangaza yenyewe.

Kwetu tasnifu husikika siku ya utetezi, wakati imeshapigwa chapa na mwenyewe ameshachoka. Hapo ndipo tulipokosea, si katika idadi ya hatua. Ibn Khaldun aliweka jasho lake baada ya rasimu, Luhmann akaliweka kabla yake, na kila mmoja alijipa nafasi ya kurudi nyuma. Mwanafunzi wetu hupewa tarehe ya kuwasilisha tu.

Wasimamizi, ombeni kurasa kumi mbovu mapema, mkae na mwanafunzi azisome kwa sauti mbele yenu. Na mwanafunzi asione haya kuandika sura ya nne kabla ya ya pili.